Narudi toka Ufilipino na fanicha moja tu: benchi la Betis, ratani ya Cebu au butaka ya zamani?

MpungaMrefu:
Wakuu, salaam. Nipo Los Baños, namalizia masomo yangu ya mpunga, Desemba narudi nyumbani. Nataka kubeba kitu kimoja cha mbao cha huku, cha mkono wa fundi. Nimebakiwa na vitatu:

Benchi lenye nakshi toka Betis, kule Pampanga, la narra, mbao ngumu ya huku. Nimemwona mchongaji kwa macho yangu, patasi na nyundo ya mti, anatoa ua kwenye ubao huku anapiga soga.

Viti vya ratani, yaani henzerani, toka Cebu. Vyepesi, vya kisasa.

Butaka ya zamani, kile kiti cha kujilaza chenye mikono mirefu ya kutegeshea miguu. Kitako ni solihiya, yaani ratani iliyosukwa matundu matundu. Anauza jirani wa mwenye nyumba wangu.

Nyie mngechukua kipi? Nawasilisha.

SeremalaKeko:
Mleta mada, bajeti hujasema. Nyumbani ni wapi, Tanga au Njombe? Kwa meli au ndege? Hiyo narra umejuaje kuwa ni narra? Picha nayo hakuna. Tukushauri kwa ramli?

MtotoWaTabora:
Kubeba narra kuleta Tanzania ni kupeleka sangara Mwanza. Narra na mninga ni ndugu wa damu, wote Pterocarpus. Hiyo nauli ya meli mpe fundi wa Tabora, atakutengenezea benchi mpaka useme basi.

BintiUnguja:
Tabora, hapa hatununui ubao, tunanunua mkono. Kule Baliuag, Bulacan, mafundi walitia vipande vya mfupa na kamagong, mbao nyeusi ya huko, kwenye makabati na meza, ua kwa ua. Nilipoona picha zake nikakumbuka viti vya enzi vya kwetu, mpingo na pembe, kitako kimesukwa. Mimi nasema butaka, macho makavu.

MtotoWaTabora:
Kamagong si ndiyo mpingo wenyewe?

SeremalaKeko:
Siyo. Kamagong ni Diospyros, ukoo wa ebony halisi. Mpingo wetu ni Dalbergia. Weusi usikudanganye.

MtotoWaTabora:
Ukiutia randa unanuka vipi? Maana mpingo naujua kwa pua.

SeremalaKeko:
Sijawahi kuutia randa. Turudi kwenye mada.

MstaafuDodoma:
Kijana, nisikilize mimi niliyeumia. Nilikaa Manila miaka mitatu. Mwaka wa kuondoka nikanunua meza ya watu wanane kwenye duka la barabarani, nikaapiwa kuwa ni narra kavu. Ikang'aa kama kioo. Nikakodi nafasi kwenye kontena la kuchangia, ikafika Dar salama, ikapanda lori hadi Dodoma.

Mvua zilipoisha, kiangazi kikaingia. Usiku mmoja tumelala tukasikia *pa!* sebuleni. Mke wangu akadhani mwizi. Kumbe ubao wa kati umepasuka, ufa wa kuingiza kidole. Mbao ilikuwa mbichi, imezoea unyevu wa kule, hewa ya Dodoma ikainyonya. Ndimi zikalegea kwenye matundu yake, mguu mmoja ukawa unacheza kama jino bovu.

Bado. Binti wa kazi akafuta juisi kwa kitambaa kilicholowa, rangi ikatoka nacho. Chini yake mahogani! Mwaka wa pili nikaanza kuona unga mwepesi sakafuni kila asubuhi, na vitundu kama vya sindano. Wafilipino wanamwita mdudu huyo bukbok. Nikapiga simu dukani, wakaniambia nirudishe meza. Kutoka Dodoma! Leo juu yake tunaanikia mtama.

SeremalaKeko:
Pole mzee. Kwa narra kuna kipimo: omba maranda, yatie kwenye glasi ya maji, subiri kidogo, inua juani. Ikiwa ni narra, maji yanatoa mng'ao wa buluu. Mahogani haikupi hiyo.

Halafu mwaka 2011 rais wao wa wakati huo, Aquino, alipiga marufuku kukata miti kwenye misitu ya asili. Kwa hiyo fundi wa Betis muulize ubao umetoka wapi na karatasi zake. Akisema nyumba ya zamani iliyobomolewa, na kweli ukaona matundu ya misumari, chukua. Hiyo imekauka miaka na miaka.

BintiUnguja:
Ndiyo maana nikasema butaka. Kitu cha babu kimeshapasuka kama ni cha kupasuka. Chungulia tu chini ya kitako na kwenye viungo kama kimebunguliwa.

KakaMuscat:
Hamuitendei haki ratani. Huku nina viti vya Cebu, havina kelele, mtoto wa miaka sita anavihamisha. Viache juani tu ndiyo utajuta.

MpungaMrefu:
Samahani wakuu, nilikuwa shambani. Bajeti peso elfu sitini, usafiri humo humo. Kwa meli. Na nyumbani ni… Dodoma.

MstaafuDodoma:
Mungu wangu.

MtotoWaTabora:
Mninga.

MpungaMrefu:
Hapo hapo mama watoto kapiga simu, hataki kiti, anataka baul, yaani sanduku. Jumamosi nazunguka ziwa hadi Paete nikaulize. Mji wa wachongaji, hata jina limetoka kwenye *paet*, patasi ya Kitagalogi.

BintiUnguja:
Sanduku?! Shemeji aje Unguja, tuna masanduku ya misumari ya shaba.

SeremalaKeko:
Paete ni wa sanamu za watakatifu zaidi. Ukitaka samani rudi Pampanga.

KakaMuscat:
Nje ya mada kidogo: nani anamjua fundi wa kusuka vitako Unguja au Mombasa? Nina kiti cha marehemu bibi, kimetoboka katikati.

BintiUnguja:
Yupo mzee mmoja Mji Mkongwe, ila anasuka akijisikia. Nitafute faragha. Mleta mada, picha ya butaka iko wapi?