Tupeane uzoefu: kuchangisha fedha za kuokoa kanisa kongwe la parokia

MhaziniWaZamu

Wakuu, uzi huu ni wa walio kwenye kamati za kukarabati makanisa ya kale, yale ya mawe na chokaa, paa la vigae na kenchi za mbao ngumu. Nani aligombana na nani tuyaache kikaoni. Hapa tupeane namba, hatua na mitego.

Naanza na kosa linalotangulia mengine yote: kutangaza lengo kabla ya kujua jengo linaumwa nini. Kamati inataja kiasi cha kukisia, watu wanachanga, vigae vinatolewa, kenchi zinakutwa zimeoza, gharama inaruka. Kurudi kwa watu wale wale mara ya pili kuomba fedha za kazi ile ile ni kugumu kuliko mara ya kwanza.

Kwa hiyo kampeni ya kwanza iwe ndogo: fedha za ukaguzi tu. Tafuteni msanifu majengo anayejua majengo ya kale. Aliyezoea maghorofa mapya hafai hapa. Apande darini, afungue mbao za sakafu, afuate maji ya mvua tangu paani hadi yanapoishia ardhini. Ripoti yake igawe kazi katika mafungu matatu: za ndani ya miezi 12, za miaka 2 hadi 5, na zinazoweza kusubiri. Hapo ndipo mkadiriaji majenzi aweke bei.

Bei hiyo bado si lengo. Ongezeni ada za wataalamu, asilimia 10 hadi 15. Ongezeni dharura, asilimia 15 hadi 20. Jengo jipya hutosheka na 5 hadi 10, lakini la kale huficha ubovu mpaka lifunguliwe. Kazi ya milioni 100, kwa sarafu yoyote, hufika 125 hadi 135 kabla ya kodi, vibali na bima.

Na kabla ya senti ya kwanza, hakikini hati ya jengo iko kwa nani. Mara nyingi mwenye mali ni jimbo au bodi ya wadhamini, parokia ni mtumiaji tu. Kibali cha maandishi kitoke huko, na kwa mamlaka ya urithi kama jengo limeorodheshwa. Wafadhili wakubwa huanza na karatasi hizo mbili.

FundiChokaa

Mhazini kasema vema. Mimi nazungumzia fedha ziingie wapi kwanza, maana watu huchangia kinachoonekana na jengo hufa kwa kisichoonekana. Tangaza rangi mpya ya altare, kapu linajaa. Tangaza gata, yaani mfereji wa maji ukingoni mwa paa, kimya. Lakini gata lililoziba hulowesha kichwa cha ukuta, na ncha za kenchi zimelala papo hapo. Zikioza hizo, paa zima linaanza kusukuma kuta nje.

Mpangilio usiobishaniwa: paa, gata na mabomba ya kushushia maji, mitaro ya kuondoa maji msingini, viungo vya mawe, halafu lipu ya ndani, na rangi mwisho kabisa. Ukuta uliolowa hukauka polepole. Kanuni ya mafundi ni takriban mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Ukuta wa milimita 600 unadai kama miaka miwili tangu maji yazibwe. Ukipaka rangi mwezi wa tatu kwa sababu jubilei imekaribia, itabambuka, na mchangiaji atauliza hela yake ilikwenda wapi.

Kenchi zisibadilishwe zote kwa hofu. Chomeni ncha zake kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, pameoza. Hukatwa kipande kibovu tu na kuungwa mbao ya aina ile ile, iliyokauka sawasawa. Gharama hupungua sana.

Mdadisi_Kigango

Shikamooni wakubwa. Na mtu akileta mifuko 50 ya simenti, tumrudishe? Si ni mchango huo?

FundiChokaa

Marahaba. Mpokeeni, mumwandikie risiti, simenti iende kwenye uzio, vyoo au sakafu ya ukumbi mpya. Kwenye kuta za kanisa isikaribie.

Sababu ni hii. Simenti ni ngumu kuliko jiwe laini na haipitishi unyevu. Maji yaliyomo ukutani, yakikosa pa kutokea kwenye kiungo, hutokea kwenye jiwe lenyewe. Chumvi inabaki nyuma yake na kupasua uso wa jiwe. Baada ya miaka kadhaa mistari ya simenti imesimama, mawe yamelika katikati. Rangi ya plastiki huleta balaa hilo hilo.

Chokaa ni sehemu 1 kwa 3 za mchanga mkali usio na udongo wala chumvi. Iwe imeloweshwa ikakaa angalau miezi 3. Kiungo kikwanguliwe kwa kina cha mara mbili ya upana wake, kisafishwe, kiloweshwe, ndipo kijazwe. Chokaa huiva kwa kuvuta hewa ukaa, hivyo ifunikwe magunia mabichi siku kadhaa isikauke kwa pupa. Ikikaushwa na jua kali inabaki unga.

Ili kuepuka fadhaa ya simenti, chapisheni mapema orodha ya vitu mnavyopokea: mchanga uliopimwa, mbao za aina iliyotajwa na vipimo vyake, usafiri, chakula cha mafundi. Anayependa kutoa kitu kuliko fedha atapata pa kuingilia.

KatibuWaKadi

Sasa fedha zenyewe. Kugawanya lengo kwa idadi ya waumini ni hesabu ya haki, lakini haifiki. Mchango hujengwa kama piramidi. Kwa lengo la milioni 100:

mmoja wa 15
wawili wa 7.5
watano wa 3
kumi wa 1.5
arobaini wa laki 5
zinazobaki, milioni 20, ni kapu, kadi ndogo na malipo ya simu

Watu 18 wa kwanza wamebeba 60. Kwa kila nafasi ya juu andaeni majina matatu au manne, kwa kuwa wengi watakataa au watatoa pungufu. Hao huendewa nyumbani na watu wawili: mmoja anayefahamiana naye, mwingine anayejua jengo. Tajeni kiasi na kazi kwa pamoja, kwa mfano "milioni 3 ni mabomba yote ya upande wa kusini", kisha nyamazeni, aseme yeye.

Kampeni isitangazwe hadharani kabla ya nusu ya lengo kuahidiwa. Bango linaloonyesha asilimia 4 miezi sita mfululizo huua ari hata ya waliokwisha kutoa.

Fundi analalamika kwamba gata halina mvuto. Dawa ipo: uzeni vipande. Kanisa la Frauenkirche la Dresden, Ujerumani, lilibomoka Februari 1945, likajengwa upya kati ya 1994 na 2005 kwa takriban euro milioni 180, zaidi ya 100 zikiwa za michango. Watu waliweza kufadhili mawe na kupewa hati, na ziliuzwa hata saa za mkononi zenye chembe za mawe ya magofu. Kigae kinaweza kuuzwa hivyo, na mita ya gata pia. Ila bei ya kipande kimoja ibebe sehemu yake ya jukwaa la kupandia mafundi, ada na dharura, la sivyo vigae vyote vitanunuliwa na paa lisiezekwe.

Mkaguzi_Hesabu

Napinga kidogo. Kuuza vipande ni kuzuri, ila hati isiseme "mchango wako umenunua kigae hiki". Iseme "umechangia paa". Mkifunga fedha kwenye kipande, kazi ya pembeni ikikwama hamwezi kuzihamisha.

Akaunti iwe ya mradi peke yake, isichanganywe na sadaka za kila Jumapili. Watia saini watatu, wawili kwa kila malipo, wasiwe ndugu wala mume na mke. Kapu lihesabiwe na watu wawili siku ile ile na kupelekwa benki lote. Matumizi yasikatwe kutoka kwenye fedha mbichi. Risiti ziwe na namba mfululizo, na zilizoharibika zitunzwe.

Ahadi ndizo zinazozamisha miradi. Kadi iwe na kiasi, awamu, tarehe na saini, na kwenye mpango wa fedha hesabuni asilimia 80 tu. Mkataba wa mkandarasi usainiwe kwa kilichopo benki. Mkandarasi hulipwa kila mwezi kwa hati ya msanifu inayothibitisha kazi iliyofanyika, huku asilimia 5 ikizuiwa: nusu hutolewa kazi ikikamilika, nusu baada ya kipindi cha mkandarasi kurekebisha kasoro, kwa kawaida miezi 12. Fedha zikikatika katikati, mafundi huondoka lakini kodi ya jukwaa inaendelea kuhesabiwa kila wiki. Ndiyo maana kila awamu lazima iache jengo limefungwa dhidi ya mvua, na kila kazi ya juu imalizwe jukwaa likiwa bado limesimama.

Msisahau bima ya kipindi cha ujenzi. Bima ya kawaida ya kanisa huenda isihusu moto uliowashwa na mafundi. Mkataba upige marufuku kuchomelea paani, au udai mtu wa kulinda angalau saa nzima baada ya moto kuzimwa.

Mdadisi_Kigango

Fedha zikizidi je? Au zisipofika?

Mkaguzi_Hesabu

Hilo liandikwe kwenye kadi na bango tangu siku ya kwanza. Sentensi moja inatosha: "Lengo lisipofikiwa au likizidi, fedha zitatumika kwa ukarabati na matunzo mengine ya jengo hili hili." Kanisa kuu la Notre-Dame la Paris, baada ya moto wa Aprili 2019, lilipata takriban euro milioni 846 kutoka kwa wachangiaji wapatao 340,000. Lilipofunguliwa Desemba 2024 zilibaki kama milioni 140, zikaelekezwa kwenye ukarabati zaidi wa nje wa kanisa lenyewe.

Kwa kiwango cha parokia, baki ndiyo mbegu ya mfuko wa matunzo: gata kusafishwa angalau mara mbili kwa mwaka, ukaguzi wa msanifu kila miaka mitano. Watu wa Köln, Ujerumani, walianzisha chama cha kuchangia kanisa kuu lao mwaka 1842, jengo likakamilika 1880, na chama bado kinalipia matengenezo.

Mkikosa kuiandika sentensi hiyo, itabidi mmtafute kila mchangiaji kuomba ridhaa, na waliotoa kwenye kapu hawana majina.