Soketi za jikoni zisizojitokeza: nipange vipi kabla ya plasta?

Kibarazani
Wakuu, habari za leo. Jiko bado ni tofali tupu, plasta wiki ijayo, kwa hiyo chochote kinahamishika. Kaunta ni umbo la L, mita 3.2 na 2.4, kimo sm 90. Kabati za juu zinaanzia sm 145 kutoka sakafuni, na kati yake vinakuja vigae vyeupe vya sm 15 kwa 7.5. Kuna kisiwa (kaunta ya peke yake katikati ya jiko) cha mita 1.5, juu graniti ya mm 20, chini droo. Fundi umeme kachora soketi pacha sita za plastiki katikati ya ukuta, zimejipanga kama madirisha ya daladala. Nataka zisionekane, au zionekane kwa shida. Niende na zile za kuchomoza kwenye kaunta, za chini ya kabati, au kuna njia nyingine? Vifaa: friji, maikrowevu, birika la umeme, blenda, jiko la wali na kikaangio cha hewa. Kupikia ni gesi.

Pini_Tatu
Mkuu, anza na vifaa, soketi zifuate. Friji na maikrowevu havichomolewi kila siku, soketi zake ukutani hazina kazi. Ziingize ndani ya kabati la jirani. Usiziweke nyuma ya kifaa chenyewe, maana plagi yetu inatokeza sm 3 hadi 4: ama friji ikae mbele ya mstari wa kabati, ama mtu aisukume mpaka waya ukunjike shingoni na kuchubuka. Mwambie seremala tundu la kupitishia liwe mm 60. Plagi ina upana wa karibu mm 50. Akitoboa 35 ataikata plagi na kuifunga upya, na hapo ndipo ethi, waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, husahaulika. Soketi ya friji ifikiwe na mkono bila kuvuta friji.

Sita zimebaki nne.

Kamba_na_Timazi
Hizo nne zifiche kwa rangi na mstari, ni rahisi kuliko kununua mtambo. Uso wa soketi pacha ni mm 146 kwa 86. Kigae chako ni 150 kwa 75. Boksi la inchi 3 kwa 6 linalochimbiwa ukutani likikaa katikati ya kigae kimoja, tundu linakula karibu kigae kizima, na uso unafunika mistari ya grauti juu na chini. Ukichagua uso mweupe usio na skrubu za kuonekana, jicho linapita tu. Boksi likiangukia kwenye makutano ya vigae, fundi atakata vipande vinne vya pembe, na hata soketi ya bei mbaya itaonekana kama kiraka.

Ina maana mpangilio wa vigae uchorwe ukutani SASA, kabla boksi halijachimbiwa. Pima kutoka kaunta iliyokamilika, pamoja na unene wa graniti. Chini ya soketi ibaki angalau sm 15 juu ya kaunta, na kutoka ukingo wa sinki angalau sm 30 kwa upande. Nyuso zisizo na skrubu zinataka boksi la kina mm 35. La mm 25 linabana waya na uso haukai sawa na ukuta. Kigae na gundi vinaongeza kama mm 10 hadi 12 juu ya plasta, kwa hiyo nunua mapema skrubu za M3.5 za mm 50, zile za kwenye pakiti hazitafika.

Kibarazani
Asante sana, hilo la kigae sikuliwaza. Na za chini ya kabati? Zile za mkanda zinazotazama chini.

Pini_Tatu
Zinaficha vizuri kuliko zote, hasa ukiweka ubao wa sm 5 mbele ya kabati. Lakini chagua mkanda wa pembe ya nyuzi 45, uliofungwa kwenye kona ya ukuta na kabati. Wa kutazama chini moja kwa moja unaachia chaja nzito, pini zinalegea, mguso unakuwa hafifu na soketi inaungua. Na birika lisikae chini yake: mvuke unapanda moja kwa moja kwenye matundu. Mkanda uwe wa blenda na jiko la wali. Birika na kikaangio vibaki kwenye soketi za ukutani.

Nyaya_za_Pwani
Kwa kisiwa, za kuchomoza zinafaa, ila soma kibandiko kwanza. Nyingi zinakuja na waya mmoja na plagi moja ya 13A, kwa hiyo matundu yote matatu yanagawana takriban 3,000W. Birika la 2,200W na kikaangio cha 1,500W ni 3,700W, yaani 16A kwa 230V. Watu hudhani fyuzi itakata. Fyuzi ya 13A inaweza kuvumilia 16A muda mrefu. Kinachotangulia ni plagi kupata moto na kugeuka kahawia ndani ya kabati, mahali hakuna anayetazama.

Pima pia kina: mnara wa soketi hizo za kuchomoza unazama chini kabisa ya kaunta, droo ya juu hapo utaipoteza au uifupishe. Tundu likatwe kiwandani graniti ikiwa bado mezani, lisiwe karibu na ukingo au tundu la sinki, pale jiwe hupasuka. Kiwango cha kuzuia maji kilichoandikwa kwa kawaida ni cha kifuniko kikiwa kimefungwa. Ukiuinua na maji yakamwagika, habari ni nyingine.

Kama uko pwani, nenda dukani na sumaku. Uso "wa stenlesi" unaonasa sumaku kwa nguvu uache, chumvi itauwekea madoa ya kutu. Na uso wowote wa chuma ufungwe waya wa ethi. Nyumba isiyo na ethi ya uhakika ibaki na plastiki.

Kamba_na_Timazi
Nyongeza ya waya: jiko lisichangie na sebule. Laini mbili za waya wa mm² 2.5, kila moja na breka ya 20A, zote nyuma ya RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya 30mA. Birika laini moja, kikaangio nyingine. Vyote viwili kwenye soketi pacha moja ni vile vile 16A, na pacha hupimwa kwa jumla ya 20A, siyo 26 kama wengi wanavyojumlisha.

Kibarazani
Nimeelewa. Mbili kabatini, mkanda kwenye ukuta mfupi, pacha tatu nyeupe kwenye mrefu. Kisiwa je, nikiacha mnara?

Nyaya_za_Pwani
Weka soketi moja ubavuni mwa kisiwa, chini ya graniti inayoning'inia, rangi ya ubao. Kama kuna watoto wadogo, upande wa sinki na siyo wa viti, wasivute waya wa blenda. Bomba la kupitisha waya chini ya sakafu lilazwe kabla ya zege la juu, mm 25, hata kama hujaamua.