Acheni kuwaambia watu "washa SMB1, zima fayawoli" kila folda inapogoma!

Wakuu, nimevumilia, sasa basi.

Nyumbani tuna kompyuta ya mezani ya Windows 11, laptopu ya mke wangu ya Windows 10 na MacBook ya mdogo wangu, zote Wi-Fi moja. Nahariri video za harusi. Nilichotaka ni folda moja ifunguke kwenye mashine zote, tuache kuzunguka na flashi. Laptopu ikang'ang'ania kosa 0x80070035, eti njia ya mtandao haikupatikana. Fundi akaja, akawasha SMB1 (toleo la zamani la SMB, lugha ambayo kompyuta hutumia kushirikishana mafaili mtandaoni), akazima fayawoli (kinga inayozuia wavamizi wa mtandaoni), akachukua hela yake akaenda zake. Folda haikufunguka, na kompyuta yenye kazi za wateja ikabaki bila kinga!

Hivi mnajua SMB1 ni nini? Ndilo tundu lililopitiwa na WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili na kudai fidia, Mei 2017, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu ya watu. Mwaka huohuo Microsoft ikaanza kuiondoa SMB1 kwenye Windows 10, kwa ajili ya usalama. Windows za sasa, Mac na Linux zote zinaelewana kwa SMB2 na SMB3. Mnaifufua ya nini?

Na lile kosa lenyewe linapoteza watu. Njia haikupatikana kwa sababu ipi? Kwetu ilikuwa ruta. Hii tuliyopewa na kampuni ya intaneti ina kipengele kinachozuia vifaa vya Wi-Fi visionane, nacho kilikuwa kimewashwa. Intaneti inapatikana kote, lakini kompyuta hii haiioni ile. Napiga simu huduma kwa wateja, naambiwa nizime ruta na kuiwasha! Mtandao wa wageni nao mara nyingi una kizuizi hichohicho, kwa hiyo mkague.

Tulipokizima, laptopu ikaanza kukataa neno la siri. Hapa ndipo watu wengi wanateseka bure, kwa sababu wanaandika PIN. PIN ya Windows inafungua mashine ileile iliyowekewa, haivuki mtandao. Kinachotakiwa ni neno la siri la akaunti iliyoko kwenye kompyuta yenye folda, na kama ni akaunti ya Microsoft, jina la kuingilia ni barua pepe. Akaunti isiyo na neno la siri kabisa, Windows inaikatalia. Folda ikiwa kwenye Mac, kuna tiki ya kuruhusu akaunti hiyo itumiwe na Windows. Kwenye Linux, Samba (programu ya kushirikisha mafaili) ina neno lake la siri, linawekwa kwa amri ya smbpasswd -a. Fundi gani anauliza haya kabla ya kugusa fayawoli?

Mtu akileta shida hii, muulizeni Wi-Fi yake imewekwa Private (mtandao wa kuaminika, kama wa nyumbani) au Public (mtandao wa hadharani). Mwambieni ajaribu anwani ya IP (namba ya kompyuta yenye folda kwenye mtandao) badala ya jina la kompyuta hiyo, mfano \\192.168.1.20. Ikifunguka kwa IP, shida ni jina, folda ni nzima. Mtandao ukiwa Private na ushirikishaji wa mafaili umewashwa, Windows yenyewe inafungua njia kwenye fayawoli. Hakuna haja ya kuizima.

Na wewe uliyekwisha kufanyiwa "ufundi" huo, fungua Windows Features, ondoa tiki kwenye SMB 1.0/CIFS, rudisha fayawoli, uwashe mashine upya. Fanya leo.