Mashimo chini ya palo verde na mbawakawa wakubwa (Arizona)

Phoenix:
Ndugu zangu, salaam. Chini ya mti wa palo verde uani kuna mashimo mapana kama kidole gumba, na usiku mbawakawa weusi wenye pembe ndefu (vipapasio) wanagonga taa ya mlangoni. Kampuni ya dawa inataka kumwaga sumu mashimoni. Watoto wanacheza hapo. Nikubali?

Tucson:
Dada, usilipe. Shimo hilo ni la kutokea, si la kuingilia. Huyo ni Derobrachus hovorei, anafika sentimita 8 au 9. Buu lake hukaa ardhini miaka kadhaa likitafuna mizizi. Mdudu kamili hutoka Juni hadi Agosti, unyevu wa mvua za monsuni unapokaribia. Ukiona shimo, mwenyewe ameshahama, na mabuu yaliyobaki yako chini sana, sumu haiyafikii. Aliyetoka huishi wiki chache tu. Hana sumu, ila taya zake zinauma kwelikweli: mfunike kwa kopo, pitisha kadibodi chini, mtoe. Balbu nyeupe ya mlangoni weka ya njano.

Kinachohitaji tiba ni mti. Wenye nguvu huwavumilia, uliodhoofika ndio hufa. Mwagilia polepole kwenye ukingo wa kivuli cha matawi, si shinani, hadi maji yafike kina cha sentimita 90. Pima kwa fimbo nyembamba ya chuma: kwenye udongo mbichi inazama, ikifika pakavu inagoma. Mti mkubwa unatosheka mara moja kila wiki 2 hadi 3 wakati wa joto. Wengi wanaharibu kwa kumwaga dakika 10 kila siku. Mizizi inabaki juujuu na joto linaiunguza. Matawi ya kileleni yakiendelea kukauka, ita mtaalamu wa miti kabla ya pepo za monsuni, maana mti ulioliwa mizizi huanguka mzimamzima. Palo verde ya Meksiko ndiyo hushambuliwa zaidi, lakini mforsadi, mchungwa na waridi navyo havisalimiki.

Mesa:
Wenye mipungate uani, wenu ni mwingine: Moneilema gigas, mweusi, mnene, haruki kwa sababu mabawa yake ya juu yameshikana. Hutafuna kingo za mpungate, na buu hutoboa ndani. Dalili ni ute mweusi ulioganda kama lami. Saguaro changa (ule mpungate mrefu kama nguzo) anaweza kuiua. Toka alfajiri au magharibi, hasa baada ya mvua, na tochi, koleo refu na ndoo ya maji ya sabuni, uwaokote mmoja mmoja. Kipande chenye ute kata mpaka ukutane na nyama safi, ukitupe mbali. Msimuonee yule mweusi anayeinua makalio juu na kutoa harufu mbaya. Huyo ana pembe fupi na hana habari na mipungate yenu.

Tucson:
Na kuni za meskiti (mti wa miiba, ndugu wa mathenge wa Baringo, kwa mnaotoka huko): zikimwaga unga laini chini ya gome, ndani yumo mbawakawa mwingine, Megacyllene antennata. Ukizirundika sebuleni, joto linamtoa humo humo. Hatagi kwenye fanicha wala mbao za paa, anataka kuni zenye gome, kwa hiyo nyumba usiipulizie dawa. Ingiza kuni za kuwasha siku hiyo tu, nyingine zikae nje mbali na ukuta. Kuni zilizobanduliwa gome mapema hazimvutii.

Ncha za meskiti mbichi zikikauka na kuning'inia, angalia kama tawi lenye unene wa penseli limechongwa pete. Ni kazi ya mbawakawa Oncideres rhodosticta: jike huchonga pete na kutaga upande wa nchani. Mti haufi. Likikukera, likate.

Phoenix:
Asanteni sana. Na mashimo niyafukie?

Tucson:
Yafukie kwa udongo, mtoto asije akategua mguu. Mengine yakitokea kabla Agosti haijaisha, usishtuke, fukia tena.