Ulinganisho: vidonge, sindano, mazoezi au kigari kwa mbwa mzee anayeburuta miguu ya nyuma?

Mwenye Chui, Nairobi
Waungwana, nina German Shepherd dume aitwaye Chui, wa miaka 11, mwenye uzito wa kilo 41. Kwa miezi mitatu sasa anayumba kiunoni, kucha za mguu wa nyuma wa kulia zimelika upande wa juu kwa kukwaruza sakafu, na akigeuka ghafla kwenye vigae huanguka kitako. Daktari wa kwanza alisema tatizo ni nyonga, akampa karprofeni, vidonge vya kutuliza maumivu vya mbwa. Wa pili, kwa kutazama picha ileile ya eksirei, alisema ni uti wa mgongo, akapendekeza sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe. Wengine wananishauri mazoezi, na jirani yangu anasema nimtengenezee kigari cha magurudumu cha kubeba kiuno chake. Naomba mnilinganishie.

Mama Pilipili, Mombasa
Pole sana, ndugu yangu. Wangu, Pilipili, ni dachshund, mbwa wa miguu mifupi na mgongo mrefu. Aliruka kutoka kwenye kochi, akalia, na kufikia jioni miguu ya nyuma ilikuwa imelegea kabisa. Ilikuwa diski ya mgongoni, yaani kile kipande laini kati ya mifupa ya uti, iliyotoka mahali pake. Kwa ushauri wa daktari nilimfungia kwenye kizimba kidogo kwa wiki sita, akitoka kwa haja tu, na leo anatembea, ijapokuwa kwa kupepesuka. Kwa hiyo mimi nasema pumziko kwanza.

Daktari wa mifugo, Arusha
Dada, pumziko lilimfaa Pilipili kwa sababu diski yake ilitoka ghafla, na hata hivyo mbwa wa namna hiyo akipoteza hisia ya maumivu vidoleni huhitaji upasuaji haraka, kwani kila saa inayopita hupunguza nafasi ya kupona. Chui ameanza polepole, na kumfungia wiki sita kungemmalizia misuli michache iliyobaki.

Bwana, kabla ya kulinganisha tiba, mshike asimame wima, kisha pindua unyayo wa nyuma ili upande wake wa juu uguse ardhi. Mbwa mwenye neva nzima huurudisha mara moja. Ukibaki umepinduka, basi nyonga peke yake haitoshi kuwa maelezo. Mwenye nyonga mbovu hukakamaa anapoamka, hupata nafuu akishatembea kidogo, na huhisi maumivu mguu unaponyooshwa nyuma. Aliyebanwa neva mwishoni mwa kiuno huumia ukimbonyeza hapo au ukimwinulia mkia. Lakini kuna ugonjwa wa kuoza polepole kwa uti wa mgongo, unaowapata sana German Shepherd waliozidi miaka 8, ambao hauna maumivu hata kidogo. Huhusishwa na kasoro ya jeni iitwayo SOD1, na mara nyingi ndani ya mwaka mmoja hivi mbwa hawezi tena kusimama kwa miguu ya nyuma. Eksirei haiuonyeshi, maana picha hiyo huonyesha mifupa, na mbwa wengi wakubwa waliozeeka wana nyonga zilizochakaa kwenye picha. Ndiyo maana madaktari wako wawili wametofautiana.

Usikubali steroidi ilhali bado anakunywa karprofeni: zikikutana huweza kutoboa tumbo. Lazima siku kadhaa zipite kati ya kuacha moja na kuanza nyingine, na daktari ndiye apange.

Kijana wa Tanga
Mimi humpa wangu nusu ya diklofenaki yangu. Mbona hajambo?

Daktari wa mifugo, Arusha
Acha leo hii, kijana wangu. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu huharibu tumbo na figo za mbwa, na dalili huja wakati madhara yameshatokea.

Fundi Mstaafu, Morogoro
Kuhusu kigari, nimetengeneza viwili kwa mabomba ya plastiki ya maji na magurudumu ya kigari cha mtoto. Kosa kubwa la watu ni kusubiri hadi miguu ya mbele nayo ichoke, kwa sababu hiyo ndiyo inayokivuta. Kosa la pili ni kumpima akiwa amelala. Urefu hupimwa akiwa amesimama, na mkanda wa kinenani uvikwe kitambaa laini, la sivyo vidonda vitakutesa kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwenye Chui, Nairobi
Asanteni nyote. Nilipopindua unyayo wa kulia ulibaki hivyohivyo, wa kushoto ukarudi kwa kusitasita, naye akawa anatikisa mkia tu. Daktari aliyempima upya anashuku huo ugonjwa usio na maumivu, ingawa nyonga nazo zinamuuma, kwa hiyo karprofeni inaendelea baada ya damu kupimwa ini na figo, na sindano tumeiacha. Nimetandika mikeka ya mpira juu ya vigae, nimempunguzia chakula ili afike kilo 36, na kila siku tunatembea mara tatu polepole kwenye nyasi, nikiwa nimempitishia taulo chini ya tumbo. Vipimo vya kigari nimevichukua leo asubuhi, akiwa bado anaweza kusimama.