Mtu anayengojea shida za wenzake ndo apate kula, tumwite nani?

BintiKisauni
Assalam aleikum wadau, naombeni neno. Huku kwetu maji ya mfereji yamekatika tena, kawaida mtungi wa lita 20 tunanunua shilingi 20 kwa watu wa mikokoteni, siku ya pili tu ukafika 50. Na kuna jirani ana tangi kubwa lilikua limejaa tangu mwanzo, akafunga geti lake kimya mpaka watu wakaishiwa kabisa, ndo akafungua kuuza kwa bei anayotaka yeye. Mamangu anasema huyo ni mwizi. Nikamwambia mama hajaiba, maji ni yake. Kakangu anasema tapeli, lakini pia hajamdanganya mtu, bei kaitaja wazi na tukalipa wenyewe. Sasa Kiswahili chote hichi tukose jina lake kweli? Nataka neno la kumwambia akiwa mbele yangu na asipate pa kujitetea.

MzeeWaKuze
Waaleikum salaam mwanangu. Jina analo, huyo ni mhodhi. Kuhodhi ni kukikusanya kitu na kukizuia wakati watu wanakihitaji ili bei ipande, na ndivo alivofanya, si zaidi si kidogo. Kwenye dini tunaita ihtikari na Mtume (S.A.W) ameikataza, mwenye kuifanya kaitwa mkosaji. Mamako ana uchungu na nnamuelewa, lakini ukimwita mwizi ataapa mbele za watu kuwa hajaiba, na atakua anasema kweli, mwisho watu wamuonee huruma yeye. Mwambie "umehodhi maji na hapa pana watoto wachanga", halafu nyamaza umsikilize.
Ila wale wa mikokoteni msiwatie kapu moja naye. Mfereji wa karibu ukikauka yule kijana anafuata maji mbali, asukume juani, na huko anakochota nako kapandishiwa.

tangampakamombasa
Kwetu Tanga huyo ni mlanguzi moja kwa moja. Wazazi wetu walilijua vizuri hilo neno hasa 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu wa Tanzania, ule msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, sabuni na sukari zilikua hazionekani madukani kumbe watu wamezificha. Tabu ni kwamba huku Kenya ukifungua redio mlanguzi ni wa dawa za kulevya au wa binadamu, kwa hivo ukimwita mtu mlanguzi wa maji mtaani watashtuka wadhani kuna askari wanakuja. Mimi naona lirudi kazini tu, maana kila Disemba tunalanguliwa tiketi za basi na hatuna tunachosema zaidi ya "nauli imepanda", kana kwamba imepanda yenyewe.

dereva_Likoni
Mzee wa Kuze Mungu akuweke. Mimi ni wa tuktuk na mvua ikinyesha natukanwa kila jina, kupe, mnyonyaji, mchumia tumbo. Barabara imejaa maji, safari ya dakika kumi nakaa saa nzima kwenye foleni, petroli inaungua na mwenye chombo jioni anataka hesabu yake ile ile. Nikiongeza hamsini nimekunyonya wapi dada? Lakini wapo wenzetu wakiona feri imekwama tu wanataja mara tatu hata barabara ikiwa nyeupe, na hao siwatetei.

MamaSwaleh_Mjini
Mimi nilitaka mtu aseme la maajenti wa kazi za Saudia na hizo nchi za Ghuba. Hapa ndo tuchague maneno vizuri jamani, kwa sababu wako wa aina mbili. Kuna anayechukua pesa za pasipoti na vipimo halafu simu haishikwi tena, huyo tapeli, mambo yake ya polisi. Halafu kuna yule mwenye kazi ya kweli, ndege ya kweli, lakini anajua huyu msichana babake kafariki na wadogo zake wamefukuzwa shule kwa karo, basi anamuwekea karatasi asaini haraka bila kusoma, na mshahara wa miezi ya kwanza umeliwa hata hajafika. Huyo hajadanganya popote, kila kitu kimeandikwa. Huyo mimi namuita mnyonyaji na namuogopa kuliko tapeli, maana tapeli ukimjua unamkimbia, huyu tunampelekea watoto wetu wenyewe na soda tunamnunulia. Wafiwa ndo anawatafuta kwanza, wengine wanaulizia mpaka matangani. Watu husema kufa kufaana lakini ile ni ya kurithiana, si ya kuviziana namna hii.

wakiliMtarajiwa
Nyongeza kidogo kwa BintiKisauni. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010 inazungumzia pia kumlinda mnunuzi. Machi 2020 korona ilipoingia, Mamlaka ya Ushindani iliamuru supamaketi moja iwarudishie wateja pesa baada ya kupandisha bei ya sanitaiza. Kwa tangi la jirani siwezi kukuahidi kitu, ila risiti au meseji za malipo weka.

BintiKisauni
Shukran nyote. Mhodhi nimelichukua, na mama kalikubali baada ya kumsomea ile ya ihtikari. Za simu ninazo, nimelipa mara nne. MamaSwaleh nakuja inbox, kuna binamu yangu ameletewa karatasi kama hizo wiki hii na hajasaini bado.