Kaye mbili za Cito

Kikundi: Familia ya Koko (bibi yetu), Bagira, Bukavu
Jumamosi

Mama Cito, 18:52
Jambo familia. Muko aje? Huku Panzi mvua tangu saa nane. Cito ameshinda vizuri, hana homa, anakula. Tunashukuru Mungu.

Mama Cito, 18:55
Nina swali, naomba munisaidie. Munajua tangu ile krizi ya mwezi wa kumi daktari alisema asipigwe baridi na asichoke. Mtoto mwenye SS (ugonjwa wa sikoseli), na kupanda mlima asubuhi na mvua kwenda masomoni, tuliona na baba yake kwamba haviwezekani. Mwaka huu anasomea nyumbani. Hesabu inaenda. Kusoma kumeanza kuja. Kuandika maneno ndiko kunanitoa jasho. Nichukue njia gani?

Baba mdogo Amani, 18:57
Shemeji, si ulinunua kile kitabu cha orodha?

Mama Cito, 18:59
Nilinunua. Maneno 20 kila wiki: wiki ya matunda, wiki ya wanyama, wiki ya vitu vya jikoni. Anakariri tangu Jumatatu, Ijumaa anapata 17 au 18, sisi wote tunafurahi. Jumatatu nikimuuliza tena anapata 6. Wiki ya tatu akaanza kulia akikiona mezani. Nimekifunga.

Mama Cito, 19:00
[Picha]

Mama Cito, 19:02
Kwa wale simu zao hazifungui picha: hiyo ni barua aliyomwandikia baba yake jana usiku, peke yake, bila kuuliza mtu. Ameandika hivi: "papa je fen. aporte dipen na delo. aksanti. Cito." Ni kusema: papa nina njaa, lete mkate na maji.

Baba Cito, 19:03
Na mkate nilimletea.

Yaya Furaha (Lubumbashi), 19:06
Mungu ambariki. Lakini mdogo wangu, nikisema kweli, hiyo barua inanitia woga. Ana miaka 7. Karibu kila neno la Kifaransa lina kosa. Wangu huku wako mwaka wa pili, wanaandika "j'ai faim" na "de l'eau" macho yamefungwa. Mtihani wa taifa wa mwisho wa msingi uko kwa Kifaransa. Ukichelewa sasa utamkimbiza baadaye. Anza Kifaransa tu, kila siku, Kiswahili anakijua tayari.

Koko, 19:20
Jambo wanangu. Nilikuwa naivisha sombe. Nimesoma yote.

Koko, 19:31
Furaha, tulia kwanza, tuitazame barua yenyewe. "Fen": Kiswahili hakina ile sauti ya puani ya "faim". Mtoto ameisikia, akatafuta herufi ya kuionyesha, akaweka n baada ya e. "Dipen": u ya Kifaransa haiko kinywani mwetu, sisi wote tunaitamka i, naye ameandika kile tunachotamka. "Delo": d, e, l, o, hakuna sauti iliyopotea. Nimefundisha mwaka wa kwanza miaka 31, na mtoto anayenitisha ni yule anayeandika "fpm" au "adl", yule asiyesikia sauti ndani ya neno. Huyu anasikia kila kitu. Amechukua herufi za Kiswahili akazivalisha Kifaransa, kwa sababu ndizo herufi anazoziamini.

Mama Cito, 19:33
Koko, umenipa pumzi.

Zawadi Mwalimu, 19:38
Koko anasema kweli. Mimi nina watoto 58 mwaka wa kwanza, na wanaofika mbali ni wale walioanza kuandika lugha wanayoisema. Hata sheria ya elimu ya tarehe 11/02/2014 imeweka lugha za taifa ziwe lugha za kufundishia, na tena ziwe somo. Lakini hapa mjini shule nyingi, za binafsi zaidi, zinaingia na Kifaransa siku ya kwanza, juu wazazi wanataka hivyo.

Yaya Furaha (Lubumbashi), 19:40
Wazazi wana sababu, Zawadi. Kazi zinaombwa kwa Kifaransa.

Zawadi Mwalimu, 19:41
Sikatai, yaya. Sisemi Kifaransa kiachwe. Nasema mpangilio.

Shangazi Nsimire (Bruxelles), 19:47
Jambo wapenzi. Naweza kutuma vitabu vya hapa, kuna mtu anasafiri mwisho wa mwezi. Vizuri, vina rangi. Ila nimevifungua dukani: vimeandikiwa mtoto anayeongea Kifaransa tangu tumboni. Somo la "ei" linaanza na "neige". Cito ataiona wapi theluji? Tena walimu wa hapa wengine wanafuata tahajia ya 1990, "oignon" ikawa "ognon", "août" ikawa "aout". Zote mbili zinakubaliwa, lakini mtoto asije akachanganyikiwa.

Koko, 19:49
Aksanti Nsimire. Tuma kimoja cha hadithi, asomewe. Cha kuandika tutakipata hapa.

Baba mdogo Amani, 19:52
Niko Nyawera. Yule mzee wa vitabu barabarani hajafunga, ametandika plastiki juu ya meza. Nipige picha, Koko uchague?

Koko, 19:52
Piga. Usinipigie kifuniko. Fungua katikati.

Baba mdogo Amani, 19:56
[Picha] Hiki faranga elfu 12.

Koko, 20:01
Somo la a: avion, arbre, abeille. Abeille! Mtoto anayejua a peke yake atafanya nini na "-beille"? Atatazama picha ya nyuki, ataimba "abeille", mama atafikiri amesoma. Rudisha.

Baba mdogo Amani, 20:03
[Picha] Hiki elfu 9.

Koko, 20:06
Hiki kinafundisha majina ya herufi: bé, cé, dé. Mtoto anakusanya "emme-a" na hapati "ma". Tena b na d ziko ukurasa mmoja, zinatazamana. Hizo zinapaswa kutengana majuma kadhaa, ya kwanza ishike mkononi kabla ya kumwonyesha mwenzake. Rudisha.

Baba mdogo Amani, 20:09
[Picha] Kiko hiki cha zamani, kimepoteza kifuniko, mtu ameandikaandika ndani na kreyo. Elfu 3.

Koko, 20:17
Nimekuza picha. Somo la tano: ma, mi, mo, la, li, lo. Chini: "Ali a lu. Ali a sali le lit." Hapo amekosea, t ya "lit" haijafundishwa na haisikiki, lakini ni moja tu katika ukurasa. Somo la sita linarudia ya tano kabla ya kuongeza. Kuna mistari mitupu ya mtoto kuandika. Anaanza na m, l, s, f, r, zile unazoweza kuzivuta mdomoni, mmmmm, ndipo p na t. Nunua. Mpe elfu 3 zake, usimpunguzie, mvua inamnyeshea.

Baba mdogo Amani, 20:18
Sawa Koko. Kreyo nitazifuta na mkate.

Mama Cito, 20:22
Koko, basi nianze nacho kesho kutwa?

Koko, 20:34
Hapana. Kesho kutwa anza na Kiswahili. Vokali zetu ni tano, na a ni a popote inapokaa. Mtoto akishika silabi ma me mi mo mu, ba be bi bo bu, kwa wiki chache anaandika sentensi nzima na haipotei Jumatatu, kwa sababu hajakariri, amejenga. Kifaransa kina herufi 26 na sauti kama 36, na njia za kuziandika zinapita 100. Ile o ya "delo" peke yake: o, au, eau, ô. Ukimpa zote nne pamoja atapiga bahati nasibu. Mpe o moja kwanza, aitumie mwezi mzima, "moto", "vélo", "lavabo". Halafu "eau" iingie na familia yake: eau, bateau, gâteau, chapeau. Halafu "au". Kila nyumba aingie na aizoee kabla ya kuvuka kwenda nyingine.

Koko, 20:37
Wakati anaandika Kiswahili, Kifaransa kiwe cha mdomo, kila siku, nyimbo, hadithi, kuomba maji mezani. Furaha, kazi hiyo ni yako. Umpigie jioni umsomee.

Yaya Furaha (Lubumbashi), 20:39
Hiyo naikubali kwa moyo wote. Saa moja ya jioni, kila siku, watoto wangu nao watasikiliza.

Mama Cito, 20:44
Kuna kitu kinanisumbua hapo. Kiswahili kipi? Sisi tunasema "muzuri", "batoto", "aksanti". Kitabu kinasema "mzuri", "watoto", "asante". Nikimsahihisha, namwambia mama yake anaongea vibaya.

Zawadi Mwalimu, 20:48
Darasani ndiko tunakokwama pale pale. Mtoto anaandika "muti", kitabu "mti".

Koko, 20:58
Mama Cito, usimwambie ni kosa. Mwambie tuna Kiswahili cha nyumbani na Kiswahili cha kitabu. Cha kitabu kilichaguliwa mwaka 1928 huko Mombasa, wakachukua Kiunguja, cha Zanzibar, ili vitabu vya Kenya, Uganda na Tanganyika viandikwe namna moja. Sisi Bukavu hatukuwa katika mkutano ule, lakini vitabu vinavyotufikia vinaifuata. Akiandika barua kwa baba yake, "aksanti" ibaki "aksanti", hiyo ni sauti ya nyumba yake. Akiandika dikte (imla), mfundishe "asante". Watoto wanajua kubadilisha viatu mlangoni.

Mama Cito, 21:01
Na herufi zenyewe zinagombana. "Ch" ya "chai" si "ch" ya "chat" ya Kifaransa, ile inayosomwa "sha". Juzi alisoma "chat" kama "chati".

Zawadi Mwalimu, 21:04
Kaye mbili, yaani daftari mbili. Ya kijani ya Kiswahili, ya bluu ya Kifaransa, zisilale pamoja mezani. Ukifungua ya bluu, ongea Kifaransa. Mimi nafanya hivyo kwa chaki za rangi mbili, inasaidia sana.

Mama Cito, 21:05
Na dikte niipe lini?

Koko, 21:12
Kila siku dakika kumi, usipite. Maneno manne au matano, yote ya sauti alizokwisha jenga, mawili kati yao ya wiki iliyopita. Sema neno, alirudie kwa mdomo, ahesabu sauti kwa vidole, ndipo aandike. Akikosea, usichukue biki nyekundu. Mwambie alisome kwa sauti neno aliloliandika. Mara nyingi mdomo utamwonyesha. Akiingia Kifaransa kutakuwa na yale yasiyoandikwa kama yanavyosikika, "est", "dans", "les": hayo ni machache, anatazama, anafunga, anaandika, anafungua. Na herufi bubu, zile zisizosikika, tafuta neno lililo dada yake: t ya "petit" haisikiki, lakini sema "petite", hiyo hapo imetoka. "Grand", "grande". Alipenda sana mchezo huo Baba Cito alipokuwa mdogo.

Baba Cito, 21:13
Nilikuwa natafuta herufi zilizojificha nyumba nzima.

Mama Cito, 21:18
Siku za maumivu vidole vyake vinavimba, hashiki kreyo. Siku zile nifanye nini? Mara iliyopita tulipoteza siku 9, na aliporudi mezani alikuwa amesahau na ameona aibu.

Koko, 21:25
Vizibo vya chupa. Osha, kausha, andika herufi moja juu ya kila kimoja na wino usiofutika. Zile zinazokwenda pamoja, ch, sh, ny, ou, on, ziandike pamoja juu ya kizibo kimoja, ajue ni sauti moja. Ziweke katika sahani ya bati kitandani. Atajenga neno kwa kidole kimoja bila kubana kitu. Akichoka, yeye aseme wewe usogeze. Ninavyo karibu 80 ndani ya kopo la maziwa, nilivitumia darasani.

Shangazi Nsimire (Bruxelles), 21:27
Koko bado unavyo! Nilijifunzia vile. Kimoja cha m kilikuwa kimepinda.

Koko, 21:28
Kiko hapa.

Mama Cito, 21:33
Basi nimeamua. Jumatatu kaye ya kijani, silabi, dakika kumi, dikte ya maneno manne. Yaya Furaha jioni na hadithi ya Kifaransa. Kile kitabu cha elfu 3 kinangoja hadi aandike sentensi tatu za Kiswahili bila kuniangalia usoni, ndipo tufungue ya bluu. Sitanunua kingine hapo katikati hata nikikutana nacho kizuri.

Yaya Furaha (Lubumbashi), 21:34
Andika tarehe ya kuanza kwenye kaye. Ukija kuogopa kama mimi, utarudi kuitazama.

Jumapili

Baba mdogo Amani, 16:10
Nimepeleka kopo la Koko Panzi baada ya misa.

Mama Cito, 17:26
Amevimwaga vyote kitandani. Kwanza alipanga MAMA, halafu MOTO, halafu jina lake. Akasimama hapo. Akaniuliza: "Mama, chai inaanza na kizibo cha ch. Mbona mimi ninaanza na c tu?" Sikujua nimjibu nini.

Koko, 17:35
Mwambie jina lake linatoka kwa lugha ya Mashi, na Mashi inaandika c pale Kiswahili kinapoandika ch. Mfaransa akiliona atamwita Sito, amsahihishe kwa heshima. Jina haliandikwi upya, libaki Cito kwenye kaye zote mbili.

Mama Cito, 17:41
Nimemwambia. Amefurahi sana, anasema ana herufi ya Koko. Sasa anataka kujenga barua ya kumshukuru Koko, ameishiwa a.

Koko, 17:43
Kiswahili kinakula a. Mukifika Kifaransa zitaisha e. Amani, nitafutie vizibo 20, 10 viwe a.

Baba mdogo Amani, 17:44
Kesho saa tano viko kwako.